JE, YAFAA MUISLAMU KUWEKA MASHINE YA KAMARI NYUMBANI MWAKE?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:



Limetufikia swali la ndugu yetu mmoja, mwana wa mji huu wetu, ambaye yuko Marekani kwa miaka mingi katika kazi ya ufundi wa vyombo vya umeme. Kwa sura yake swali hili ni jipya kwa wengi wetu. Lakini tulipolisoma katika darasa letu tuliona kwamba asili yake ni ya kale, na kwamba jawabu lake latuhusu sisi tulio huku pwani kama limhusuvyo yeye aliye mbali. Kwa hivyo tumeona kheri tulieleze hapa kwa urefu, ili afaidike muulizaji na wafaidike wasomaji.

SWALI

Ndugu yetu asema kwamba alinunua mashine kongwe ya kamari, ya zile zenye kioo mfano wa televisheni, iliyoundwa katika miaka ya 1980. Alipoinunua ilikuwa imekufa: kioo kiza, betri ndogo iliyo ndani imevuja na kula nyaya nyembamba za bodi, na mota ya kumwagia sarafu imekwama. Kwa subira ya miezi mingi ameitengeneza kwa mikono yake mwenyewe mpaka imekuwa kama mpya, na ameiweka katika chumba cha chini cha nyumba yake. Hachezi kwa fedha. Anavyo vipande vya chuma vya duara visivyonunua kitu, na watoto wake huvitumbukiza wakacheza. Sheria ya jimbo anakokaa haimkatazi.

Mama yake alipokwenda kumzuru alikataa kuingia chumbani humo, akamwambia kwamba hicho ni chombo cha haramu. Yeye akamjibu kwamba ni pambo tu, kama saa kongwe ya ukutani. Tangu siku hiyo pana uzito baina ya mama na mwana. Ndugu yetu auliza mambo matatu: Je, yafaa kuiweka mashine hii nyumbani ikiwa hapana fedha ndani yake? Je, yafaa kupokea ujira kwa kuwatengenezea watu wengine wenye mashine kama hiyo, kwani sifa za ufundi wake zimekwisha enea? Na ikiwa haifai, aifanyeje naye ameigharimia fedha na jasho?

JAWABU

Wanavyuoni wametufundisha kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Asiyekijua kitu akakitolea hukumu amesema kwa dhana, na dhana haitoshi mahali pa haki. Basi na tuanze kwa kukijua chombo chenyewe.

Asili ya mashine hizi ni mji wa New York na mji wa San Francisco katika Marekani. Mnamo mwaka 1891 watu wawili, Sittman na Pitt wa Brooklyn, waliunda mashine yenye magurudumu matano yaliyobandikwa karata 50. Mtu hutia sarafu, akavuta mkono wa chuma, karata zikazunguka. Kabla ya karne ile kwisha, fundi mmoja wa San Francisco, jina lake Charles Fey, aliunda mashine nyepesi zaidi yenye magurudumu matatu na alama chache, aliyoiita Liberty Bell. Mashine hii yenyewe ilimhesabia mchezaji na kumlipa sarafu zake, bila ya kuhitajia mtu wa kulipa. Hapo ndipo kamari ilipopata mtumishi asiyelala, asiyekula, asiyeona haya, wala asiyemwonea huruma mtu.

Katika miaka ya 1960 kampuni ya Bally ya Chicago ikazitia mashine hizi nguvu za umeme. Kisha mwaka 1976 kampuni ya Fortune Coin ya Las Vegas ikatoa mashine isiyokuwa na magurudumu kabisa. Ndani yake mlikuwa na televisheni ya rangi ya Sony, na alama zilikuwa picha zizungukazo katika kioo. Kampuni hiyo baadaye ilinunuliwa na kampuni ya IGT. Kutokana na kizazi hicho ndiko ilikozaliwa mashine ya ndugu yetu.

Sasa tutazame ndani yake, kwani hapo ndipo penye ibra. Mashine ya kale yenye magurudumu matatu, kila gurudumu likiwa na alama 10, ina njia 1,000 za kusimama, yaani 10 mara 10 mara 10. Ikiwa zawadi kubwa ni ya alama iliyo moja tu katika kila gurudumu, basi mchezaji ataipata mara moja katika 1,000. Magurudumu yakiwa na alama 22 kila moja, njia zake ni 10,648. Mwenye mashine hawezi kuahidi zawadi inayozidi hesabu hiyo asije akafilisika. Kwa hivyo wenye kamari wakatafuta hila ya kuahidi zawadi kubwa zaidi bila ya kuongeza gurudumu ambalo macho ya watu yataliona.

Hila hiyo ilitimia mwaka 1984, pale Inge Telnaes, mtu wa asili ya Norwe, alipopewa hati ya uvumbuzi wake. Maana yake ni hii: si gurudumu linaloamua tena. Kompyuta iliyo ndani huchagua nambari kwanza, kisha gurudumu likaamrishwa lisimame mahali palipokwisha chaguliwa. Alama moja yaweza kupewa nambari nyingi, na alama ya zawadi kubwa ikapewa nambari moja tu. Mchezaji atazama alama 22, naye ashindana na hesabu kubwa kuliko hiyo ambayo haioni. Tena alama zilizo juu na chini ya ile ya zawadi zaweza kupewa nambari nyingi, ili mchezaji aone kila mara kwamba amekaribia, imebakia kidogo tu. Hakukaribia hatta kidogo. Kukaribia huko ni sura aliyotiwa machoni. Na katika mashine za kioo jambo hili ni wazi zaidi, kwani hamna gurudumu lolote: kila kinachozunguka ni picha, na amri imekwisha pita kabla picha haijasimama.

Tena programu iliyomo katika chipu ndogo, isiyozidi urefu wa kidole, ndiyo iliyoandikiwa sehemu ya fedha itakayorudi kwa wachezaji. Tufanye mfano kwamba imeandikiwa irudishe shilingi 90 katika kila 100 zinazochezwa. Mtu asiyejua husema: khasara ni shilingi 10 tu. Lakini mchezaji hasimami hapo. Zile 90 huzirudisha ndani, zikatoka 81. Zile 81 akazirudisha, zikatoka pungufu ya 73. Akifanya hivyo mara kumi, katika shilingi 100 alizoanza nazo hazitabaki hatta 35. Si lazima iwe hivyo kwa kila mtu kwa kila siku, kwani wako wanaotoka nazo nyingi, nao ndio chambo cha wengine. Lakini hiyo ndiyo hesabu ya mashine na umma wake, nayo haikosei.

Ama siri ya mtu kutoweza kusimama, ilielezwa na mwanachuo wa Marekani, B. F. Skinner. Alionyesha kwa majaribio ya panya na njiwa kwamba mnyama anayepewa punje kila agusapo kitufe, punje zikikatwa, huacha upesi. Lakini anayepewa mara moja moja, bila ya kujua ni lini, huendelea kugusa na kugusa kwa muda mrefu sana baada ya punje kukatwa. Naye mwenyewe Skinner aliyafananisha hayo na mashine za kamari. Basi na afikiri mwenye akili: Mwenyezi Mungu amemkirimu mwanadamu, naye kwa hiari yake aenda kuketi mahali pa njiwa.

HUKUMU YA KUIWEKA NYUMBANI

Sasa turudi kwenye sharia. Hapana khilafu baina ya Waislamu kwamba kamari ni haramu. Katika Suratul Maida, aya ya 90 na ya 91, Mwenyezi Mungu ameitaja kamari pamoja na ulevi, masanamu na mishale ya kupigia ramli, akaziita zote uchafu katika kazi za shetani, na akatuamrisha tujiepushe nazo. Kisha akatuonyesha sababu: kwamba shetani ataka kutia baina yetu uadui na chuki, na kutuzuia na kumkumbuka Mola wetu na kusali.

Ndugu yetu atasema: Lakini mimi sitii fedha. Nasi twamjibu kwa insafu, kwani haki husemwa ijapokuwa yamfaa anayeulizwa. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi wamesema kwamba kamari ni mchezo ambao kila mmoja katika wachezaji yuko baina ya kupata na kukhasirika mali. Mtu anayetia vipande vyake mwenyewe katika mashine yake mwenyewe, hapati wala hakhasirika. Basi hatuwezi kumwambia kwamba amekula mali ya kamari. Hakuila. Na aliyemwita mwizi au mla haramu kwa jambo hili amevuka mpaka.

Lakini jambo halikomi hapo. Mtume (S.A.W.) alikataza mchezo wa nardi, nao ni mchezo wa dadu. Katika Sahihi ya Muslim imepokewa kwa Buraida kwamba alimfananisha mwenye kuucheza na mtu aliyetia mkono wake katika nyama ya nguruwe na damu yake. Na Abu Musa amepokea kwamba mwenye kuucheza amemuasi Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Katika hadithi hizi haikutajwa mali. Ndiyo maana kauli iliyo sahihi katika madhehebu yetu ni kwamba nardi ni haramu hatta bila ya mali. Wakatoa kanuni: mchezo uliojengwa juu ya hesabu na fikra, kama sataranji, haukufika daraja ya haramu ukiwa hauna mali wala haumpitishi mtu sala, ijapokuwa ni makuruhu. Ama mchezo uliojengwa juu ya kubahatisha tu, ambao akili haina kazi ndani yake, huo huungana na nardi.

Basi tuipime mashine hii kwa kanuni hiyo. Katika nardi mchezaji angalau hutupa dadu, kisha akafikiri kete ipi aisogeze. Katika mashine hii hapana kufikiri kokote. Kazi ya mchezaji ni kubonyeza kitufe na kungoja. Ikiwa nardi, yenye chembe ya fikra, imekatazwa, basi mchezo huu usiokuwa na hatta chembe wastahiki zaidi kukatazwa. Kwa hivyo jawabu letu la swali la kwanza ni kwamba haifai kuichezea hatta bila ya fedha, wala haifai kuiweka ikiwa tayari kuchezwa.

Atasema tena: Ni pambo kama saa. Twasema: Kitu hujulikana kwa kazi yake. Saa kongwe, hatta ikisimama, kazi yake ilikuwa kuwaonyesha watu wakati, na katika wakati mna sala. Mashine hii, hatta ikilala, kazi yake ilikuwa kuwapokonya watu mali zao kwa kuwachekea. Hapana mtu aliyeweka sanamu nyumbani akasema kwamba haliabudu, sisi tukaona ametosheka kwa jawabu hilo.

Tena tusisahau watoto. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga. Mtoto hajifunzi kwa maneno kabla ya kujifunza kwa mikono. Mtoto wa miaka saba aliyezoea kutumbukiza kipande, kubonyeza, kungoja, na kuruka kwa furaha taa zinapowaka na kengele zinapolia, amekwisha jifunza kamari yote. Kilichobakia ni kugeuza kipande kiwe sarafu, na hiyo ni hatua moja tu, ambayo baba hatakuwapo kumzuia. Mtume (S.A.W.) amemwamrisha mtu aliyemwambia mwenziwe njoo tucheze kamari, atoe sadaka kuwa ni kafara ya maneno hayo tu, hatta kabla ya kucheza. Ikiwa neno moja la kuita lahitajia sadaka, tusemeje juu ya chombo chenye taa na sauti ambacho kazi yake usiku na mchana ni kuita?

Na hapa pana jambo tunaloomba ndugu yetu alitazame kwa makini. Mwenyezi Mungu ametaja kwamba shetani kwa kamari ataka kutia uadui na chuki. Katika chumba kile haijatiwa hatta senti moja, na tayari umeingia uzito baina ya mama na mwana! Mama yake hakusoma habari za Telnaes wala za Skinner. Alitazama kwa moyo wa muumini, moyo ukakataa. Mtume (S.A.W.) ametuusia tuache linalotutia shaka tushike lisilotutia shaka. Hatta lau mashine hii ingelikuwa na shaka tu, radhi ya mama ingelitosha kuwa ni sababu ya kuiacha. Basi kabla ya kushika bisibisi yake, ndugu yetu na ampigie mama yake simu amtake radhi, kwa jawabu lile la ukali kuliko kwa mashine yenyewe.

Ama kuwa sheria ya jimbo lake haimkatazi, hilo lamwokoa na askari, halimwokoi na hesabu ya kesho. Katika Marekani majimbo yamekhitilafiana: yako yanayokataza kabisa mtu kumiliki mashine hizi, na yako yanayoruhusu zilizo kongwe. California, kwa mfano, huruhusu iliyozidi miaka 25 maadamu haitumiwi kwa kamari. Twawaona watu wasiokuwa wa dini yetu nao wameogopa chombo hiki hatta wakakitungia sheria kikiwa kizee na kimelala. Je, Muislamu awe na ghera ndogo kuliko wao?

HUKUMU YA UJIRA WAKE

Swali la pili ni la riziki, nasi hatulipuuzi, kwani riziki ya mtu ni jambo zito. Kwanza twamsifu ndugu yetu kwa ufundi wake. Umma wetu una wasemaji wengi na mafundi wachache. Mwenyezi Mungu katika Qurani amemtaja Nabii Daud (A.S.) kwamba alimfundisha kutengeneza nguo za vita za chuma, na akalitia jambo hilo katika neema za kushukuriwa. Mtu anayeweza kuifufua bodi iliyoliwa na betri, akabadilisha kapasita moja moja, akaunga waya mwembamba kama unywele kwa risasi mpaka kioo kikarudi kuwaka, huyo amepewa neema. Wala hatupendi asikie kutoka kwetu kwamba dini yachukia ilimu yake.

Lakini neema hushukuriwa kwa kutiwa mahali pake. Katika Suratul Maida, aya ya 2, tumeamrishwa kusaidiana katika wema na uchaji, na tumekatazwa kusaidiana katika dhambi na uadui. Na katika ulevi Mtume (S.A.W.) hakumlaani mnywaji peke yake. Aliwalaani watu kumi, na miongoni mwao mwenye kuukamua, mwenye kuubeba na mwenye kula thamani yake. Wote hao huenda hawakuonja hatta tone. Kadhalika mwenye kuitengeneza mashine katika nyumba ya kamari: hakutia sarafu, lakini kila sarafu itakayomezwa baada ya kazi yake imepita katika mlango alioufungua yeye. Ujira wa kazi hiyo haufai. Na mashine za watu binafsi, zinazowekwa majumbani, nazo tumekwisha ona kwamba mchezo wake haufai kwa asili yake. Basi kuzitengeneza ili zichezwe hakufai pia, ijapokuwa uzito wake haulingani na ule wa nyumba ya kamari.

Hapo mlango wa riziki haukufungwa. Kioo kile kile, bodi ile ile, mota ile ile, zimo katika televisheni, redio, vyombo vya hospitali, mashine za kupimia na mitambo ya viwandani. Aliyeacha kitu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, ahadi tuliyopewa ni kwamba Mwenyezi Mungu atampa badala iliyo bora.

AIFANYEJE SASA?

Jambo la tatu ndilo lililotufurahisha sana kulitafuta, kwa sababu tuliona jawabu lake limemngojea ndugu yetu vitabuni kwa karne nyingi.

Asiiuze nzima. Imepokewa kwamba Abu Talha (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya mayatima waliorithi ulevi. Akaamrishwa aumwage. Akauliza: Je, niufanye siki? Akakatazwa. Tazameni, wenye mali hiyo walikuwa mayatima, watu wanaostahiki huruma kuliko wote katika mambo ya mali, na juu ya hayo khasara yao haikuwa sababu ya kuuza haramu. Basi mtu mzima mwenye kazi na nguvu zake asione vizito kukhasirika. Wala asiseme kwamba atamuuzia asiyekuwa Muislamu, kwani madhara hayageuki kuwa kheri kwa kubadilisha nyumba.

Lakini mashine si kama ulevi kwa kila njia. Ulevi ni najisi wenyewe. Mashine ni mbao, chuma, kioo na nyaya, na vyote hivyo ni mali halali. Kilicho haramu ni umbo lililokusanywa kwa kazi ya haramu. Na jambo hili Imam Nawawi amelieleza katika kitabu chake Minhaj, katika mlango wa kupokonya mali ya mtu. Alipotaja masanamu na vyombo vya upuuzi alieleza kwamba mwenye kuliondoa umbo lake la haramu hana la kulipa, na kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa visipondwepondwe, bali vifunguliwe viungo vyake mpaka virudi kama vilivyokuwa kabla ya kuunganishwa.

Subhanallah! Ni nani awezaye kuifanya hukumu hii kwa uzuri kuliko fundi? Mjinga angalichukua nyundo, akapoteza mali na pengine akajiua, kwani kioo cha televisheni kongwe huhifadhi umeme wa kuua hatta baada ya waya kuchomolewa ukutani. Ndugu yetu ajua namna ya kuutoa umeme huo kwa salama. Basi na aifungue. Chipu yenye programu ya mchezo, hiyo na aivunje, kwani ndiyo roho ya kamari. Kisanduku cha kupokelea sarafu na mashine ya kuzimwagia, azifungue zirudi kuwa chuma na mota. Kioo, transfoma, nyaya, taa na sanduku la mbao ni mali yake halali: akitaka atumie, akitaka auze, akitaka awafundishie watoto wake jinsi umeme unavyokwenda. Watoto waliozoea kuibonyeza na waifungue pamoja na baba yao. Waone kwa macho yao kwamba ndani hamkuwa na bahati yoyote, mlikuwa na hesabu. Somo hilo watalikumbuka watakapokuwa vijana kuliko makatazo mia.

NA SISI TULIO HUKU JE?

Msomaji asidhani kwamba hii ni khabari ya Marekani peke yake. Nchi yetu ya Kenya ilitunga sheria ya kamari mwaka 1966, ikairuhusu kwa leseni, na mwaka 2025 ikatunga sheria mpya. Katika miaka ya 2010 mashine ndogo za sarafu ziliingia mitaani na madukani, hatta karibu na skuli, na mwaka 2018 serikali ikakamata mashine nyingi na kuzichoma moto. Moto ule uliteketeza masanduku, haukuteketeza tamaa. Leo kamari imehamia katika simu, na simu haina haja ya chumba cha chini. Huwamo mfukoni, huingia nayo mtu kitandani, na pengine huingia nayo msikitini. Mashine ya ndugu yetu ni kikongwe kinachohitaji sarafu. Wajukuu zake wahitajia kidole tu, na hesabu iliyo ndani ni ile ile tuliyoieleza.

Kwa hivyo twawausia ndugu zetu mambo manne.

Kwanza, mwenye duka asikubali kuweka mashine ya kamari kwa sababu ya kodi au mgao anaoahidiwa. Fedha hiyo ni ya mtoto aliyetumwa unga akarudi mikono mitupu.

Pili, walimu wa madrasa wasitosheke kusema haramu, haramu. Wawafundishe vijana ile hesabu ya shilingi 100 zinazokwisha. Kijana wa leo akifahamu hekima ya sharia huishika kwa meno.

Tatu, kijana asitoke na rungu kwenda kuvunja mashine za watu. Kuondoa uovu kwa mkono ni kwa mwenye mamlaka juu yake: serikali katika nchi, baba katika nyumba yake, mtu katika mali yake. Ndugu yetu ana mamlaka juu ya mashine yake kwa sababu ni yake. Sisi wengine silaha yetu ni ulimi ulio mwema na mfano mzuri.

Nne, wenye uwezo miongoni mwetu wafungue mahali pa kufundishia ufundi wa umeme. Kijana aliyekaa barazani mchana kutwa bila ya kazi ni mawindo ya mwenye kamari. Mkono ulioshika risasi na bisibisi hauna nafasi ya kushika sarafu ya kubahatisha. Na lau ndugu yetu atarudi siku moja akawafundisha vijana kumi wa mji huu alichokijua, tutasema kwamba mashine ile, iliyowala wengi ilipokuwa hai, imezaa kheri ilipofunguliwa.

Hili ndilo tuliloliona katika darasa letu baada ya kuvitazama vitabu na kushauriana. Likiwa la sawa, basi ni kwa taufiki ya Mwenyezi Mungu; na mwenye ilimu zaidi katika wanavyuoni wetu akiwa na la kuongeza, kurasa hizi zi wazi kwake.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki uturuzuku kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili uturuzuku kuiepuka. Zibariki riziki zetu za halali ijapokuwa ni chache, uwahifadhi watoto wetu na kila kinachowaita kwenye upotevu, na uunganishe nyoyo za wazazi na watoto wao popote walipo. Amin.

Wallahu aalam.